Bando la Mwalimu Nani Ananunua?

Mwaka jana nilialikwa kuwa mwezeshaji katika warsha ya siku mbili ya walimu wa sekondari. Mada niliyopewa ilikuwa na jina la kuvutia: zana za mtandaoni za kufurahisha darasani. Nilijiandaa kama anavyojiandaa mtu anayejua kwamba atalipwa posho. Nilikuwa na kompyuta mpakato yangu, projekta ya waandaaji, intaneti ya ukumbi na kiyoyozi kilichokuwa kikinguruma juu ya vichwa vyetu. Niliwaonyesha walimu namna ya kutunga chemsha bongo kwenye Kahoot. Wakajiunga kwa simu zao, muziki ukalia, rangi nne zikawaka ukutani, na kwa nusu saa watu wazima wenye vyeti na madaraja ya utumishi wakashangilia kama watoto wa chekechea. Picha zikapigwa. Nikaamini kwamba nimefundisha.

Wakati wa maswali alisimama mwalimu mmoja wa fizikia, mama wa makamo, akaanza kwa adabu iliyonitia wasiwasi.

"Dokta, tunakushukuru, tumefurahi kweli. Naomba kuuliza jambo dogo tu. Darasa langu la kidato cha kwanza lina watoto mia moja na thelathini. Simu hawaruhusiwi kuja nazo. Simu iliyopo darasani ni hii yangu. Sasa hilo bando, Dokta, nani ananunua?"

Ukumbi ulicheka. Nami nikacheka. Kisha nikatoa lile jibu ambalo sisi wasomi hulitoa tunapokuwa hatuna jibu: nikasema kwamba changamoto hazikosekani, lakini mwalimu mbunifu hashindwi kutafuta njia. Mama yule alinitazama kidogo, akasema, "Ahsante, Dokta," akaketi. Nimesikia "ahsante" nyingi katika kazi hii. Ile ilikuwa ya kunihukumu.

Makala haya ni jibu langu la pili kwa swali lile. Nimelichelewesha, na natumaini atalisoma.

Nakiri mapema, nisije nikatuhumiwa kuwa adui wa maendeleo: zana hizi zina thamani. Tafiti nyingi kuhusu michezo ya chemsha bongo darasani zimeonyesha kwamba huongeza ari ya wanafunzi na kuwashirikisha hata wale waliozoea kujificha dawati la nyuma. Mimi mwenyewe huzitumia chuoni. Hoja yangu ni nyingine. Nasema kwamba zana hizi tunazileta shuleni kwa utaratibu wa dhuluma: gharama yake tunamtwisha mwalimu, lugha yake inamtenga mtoto, malipo yake yaliyofichika ni taarifa za mtoto huyohuyo, na mwisho wa yote mwalimu ndiye anayeandikiwa kwamba ameshindwa.

Nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mwingine

Kahoot ilizaliwa kutokana na utafiti wa chuo kikuu kimoja mjini Trondheim, nchini Norway, na ikafunguliwa kwa umma mwaka 2013. Waliobuni walilifikiria darasa walilolijua: watoto wachache, umeme usiokatika, na kila mtoto akiwa na kifaa mkononi. Hakuna kosa katika hilo. Fundi cherehani hushona kwa vipimo vya aliyesimama mbele yake. Kosa ni letu sisi tunaoinunua nguo hiyo bila kujipima, kisha tunamlaumu mvaaji kwamba ana mabega mapana.

Tazama jinsi mchezo wenyewe unavyoendeshwa. Swali hutokea kwenye ukuta au skrini, na mwanafunzi hubonyeza rangi mojawapo kwenye kifaa chake. Katika mpangilio wake wa kawaida, jibu sahihi la haraka zaidi hupata hadi pointi 1,000, na kila sekunde inayopita huzila pointi hizo. Baada ya kila swali hutokea orodha ya wanaoongoza. Kwa maneno mengine, mchezo hutuza vitu viwili kwa pamoja: kujua na kuwahi.

Sasa mlete mtoto wetu. Amesoma miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili. Ameingia kidato cha kwanza, na karibu kila kitu kimegeuka Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, lakini darasa la sekondari liliendelea na Kiingereza kana kwamba hakuna aliyetamka neno. Mtoto huyu anapewa sekunde 20 za kulisoma swali la Kiingereza, kulielewa, kulitafsiri kichwani, kulifikiria, kulitafutia jibu na kulirudisha kwenye Kiingereza ili alitambue jibu hilo miongoni mwa manne. Mwenzake aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza ameshabonyeza zamani. Orodha ya wanaoongoza inatokea, na darasa zima linaona nani "mwerevu" na nani "mzito".

Hicho kilichopimwa ni nini? Si fizikia. Tumepima kasi ya kusoma Kiingereza, tukaipigia muziki na kuiita furaha.

Wapo watakaonijibu kwamba muda unaweza kuongezwa, na kwamba mwalimu anaweza kutunga maswali yake kwa Kiswahili. Ni kweli. Lakini warshani hatukuwafundisha hivyo. Tuliwaelekeza kwenye hazina ya maswali yaliyokwisha kutungwa, kwa sababu ndiyo inayookoa muda, na karibu yote niliyokutana nayo humo yalikuwa ya Kiingereza.

Wengine watasema: basi itumike Plickers. Nami niliwahi kuisifia. Ni wazo la busara kweli: mwanafunzi hahitaji kifaa chochote, hupewa kadi ya karatasi yenye msimbo, huizungusha ili upande wa jibu lake uwe juu, na mwalimu hulipitisha jicho la simu yake darasani ikasoma majibu ya wote. Simu moja tu inatosha. Nilipozihesabu kadi, nikakuta seti kubwa kabisa inaishia kadi 63. Darasa la mama yule lina watoto 130. Waliobaki, zaidi ya sitini, wafanye nini? Wawapigie wenzao makofi?

Na hapa ndipo uongo wa mjadala mzima unapojitokeza. Kiwango kilichowekwa na serikali yetu wenyewe kwa darasa la shule ya msingi ni wanafunzi 45. Tungekuwa na madarasa ya kiwango hicho, tena sekondari, nusu ya zana hizi zingefaa kesho asubuhi. Tatizo la mama yule ni watoto waliorundikwa katika chumba kimoja kwa mwalimu mmoja, na tatizo hilo halina programu ya kupakua.

Tumewahi kufanya vizuri zaidi

Wanafunzi wangu wengi huamini kwamba teknolojia ya elimu ilifika nchini pamoja na simu janja. Huwa nawasimulia habari za mwaka 1973.

Mwaka huo Tanzania iliendesha kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Mtu ni Afya. Zana yake ya teknolojia ilikuwa redio, na redio zenyewe hazikuwa nyingi. Watu hawakuambiwa kila mmoja aje na yake. Waliunda vikundi, redio moja ikasikilizwa na kikundi kizima. Kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa, viongozi wa vikundi walikuwa wamekwisha kupewa mafunzo, na vijitabu vya Kiswahili vilikuwa vimekwisha kuchapwa. Kwa wiki 12 watu walisikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakatoka nje wakafanya walichojadili: wakafyeka vichaka, wakachimba vyoo, wakasafisha vyanzo vya maji. Walioshiriki wanakadiriwa kufikia milioni mbili, katika nchi ambayo wengi wa watu wake wazima walikuwa ndiyo kwanza wanajifunza kusoma.

Sikumbushi haya ili nililie zamani. Nchi ile ilikuwa na makosa yake, na baadhi yake tunayalipia mpaka leo. Nayakumbusha kwa sababu kampeni ile ilijibu mapema maswali ambayo warsha yangu haikuyauliza. Kifaa ni cha nani? Ni cha umma, kinatumiwa kwa pamoja. Anayekiendesha ameandaliwa? Ameandaliwa, tena kabla. Lugha ni ipi? Ni ile ambayo watu huitumia kufikiri. Na baada ya kusikiliza, nini kinafuata? Kazi inayoonekana kwa macho.

Linganisha na tunayoyafanya leo. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu. Lilikuwa jambo jema, na nililipongeza hadharani. Kifaa cha umma kilikuwa kimefanya kazi moja, kikapewa kazi nyingine badala ya kuozea ghalani. Lakini kishikwambi bila bando ni kioo cha kujitazamia. Kishikwambi bila umeme hata kioo si kizuri. Na kishikwambi bila maudhui yaliyokwisha kupakuliwa, yanayolingana na mtaala, katika lugha anayoielewa mtoto, ni mzigo mwingine wa serikali ambao mwalimu atatakiwa kueleza umepasuka vipi.

Majirani zetu wa Kenya walitangulia katika njia hii, nasi tulipaswa kujifunza kwao. Ahadi ya kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza ilitolewa katika kampeni za mwaka 2013. Usambazaji ulianza mwaka 2016, na zaidi ya vifaa milioni moja vilipelekwa katika shule za msingi za umma. Taarifa za miaka iliyofuata zilieleza vifaa vilivyofungiwa makabatini kwa hofu ya wezi, na walimu waliopewa mafunzo mafupi kisha wakaachwa. Baadaye mjadala ukahamia kwenye maabara za kompyuta. Mbali zaidi, nchini Peru, utafiti uliohusisha shule 319 za vijijini, uliochapishwa mwaka 2012, uliuchunguza mpango wa kumpa kila mtoto kompyuta ndogo. Kompyuta ziliongezeka kwa wingi. Alama za hisabati na lugha hazikusogea.

Shirika la UNESCO, katika ripoti yake ya mwaka 2023 ya kufuatilia hali ya elimu duniani, liliichukua teknolojia kuwa mada kuu na kuuliza inatumika kwa masharti ya nani. Ripoti hiyo ilieleza kwamba ni asilimia 40 tu ya shule za msingi duniani zilizounganishwa na intaneti. Ilieleza pia kwamba nchini Uingereza ni asilimia 7 tu ya kampuni za teknolojia ya elimu zilizokuwa zimezipima bidhaa zao kwa majaribio yanayolinganisha makundi bila upendeleo. Dawa ya kikohozi isiyopimwa haiuzwi kwa halali katika duka la dawa. Dawa ya ujinga isiyopimwa tunaigawa warshani, tena kwa makofi.

Cha bure na bei yake

Tunapozinadi zana hizi, neno tunalolipenda kuliko yote ni "bure". Nami nililitamka mara nyingi siku ile. Wahenga wetu walikwisha tuonya kwamba cha bure kina gharama, nasi tukadhani walikuwa wanazungumzia ubwabwa wa shughuli.

Mwezi Mei mwaka 2022, shirika la Human Rights Watch lilichapisha uchunguzi wake kuhusu bidhaa za kujifunzia mtandaoni zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa janga la UVIKO-19. Asilimia 89 ya bidhaa zilizochunguzwa zilionekana kukusanya au kutumia taarifa za watoto kwa namna iliyohatarisha au kukiuka haki zao. Wengi wa watoto hao hawakuwa na hiari. Shule zilikuwa zimefungwa, na mlango pekee uliobaki ulikuwa na mtu anayeandika majina yao.

Hapa kwetu tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sheria hiyo inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Nawauliza watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu: mwalimu anapoambiwa awasajili wanafunzi wake kwa majina na barua pepe katika mtandao wa kampuni ya ng'ambo, nani amemwomba mzazi ridhaa? Mkataba upo? Nani ameusoma, na kwa lugha gani? Siku taarifa zikivuja, atakayeitwa kujieleza ni kampuni, ni wizara, ama ni mama yule wa fizikia aliyefuata maelekezo ya warsha? Warshani kwangu swali hili halikuulizwa. Mimi ndiye niliyepaswa kuliuliza, na sikuliuliza.

Mwepesi, lakini hajapunguka

Miezi minne baada ya warsha nilipita shuleni kwa mama yule. Sikutumwa na mtu. Swali lake lilikuwa limenikaa kama mwiba wa samaki.

Alinikaribisha darasani, nikaketi nyuma kabisa, juu ya ndoo iliyofudikizwa, maana hapakuwa na kiti. Watoto walisimama kwa pamoja na ile "Shikamoo" inayotikisa bati. Kila mmoja alikuwa na vipande vinne vya boksi vilivyokatwa kwa mkasi, vimeandikwa herufi A, B, C na D kwa wino mzito. Maboksi aliyaomba kwenye maduka ya mtaani. Hiyo ndiyo iliyokuwa Kahoot yake.

Aliandika swali ubaoni kwa Kiingereza, kama anavyotakiwa. Kisha akalirudia kwa Kiswahili, sauti ikishuka kidogo, kama ya mtu anayepitisha magendo. Jiwe lenye tungamo la kilo 2 likipelekwa mwezini, kitabadilika nini: tungamo lake, uzito wake, vyote viwili, au hakuna? Hakuanza kuhesabu sekunde. Aliwaambia kila mmoja ajadiliane na wa jirani. Darasa likavuma kama mzinga wa nyuki. Alipopiga meza, vipande vya boksi vikainuka juu. Hata mimi niliyeketi nyuma niliweza kuona: karibu nusu ya darasa waliinua C, yaani vyote viwili.

Mwalimu hakusema wamekosea. Alimteua kijana mmoja wa C, akamwambia atushawishi. Kijana akasimama: "Mwalimu, si ulisema mwezini mtu anakuwa mwepesi?" Darasa likaguna kwa kukubali. Binti mmoja wa upande wa dirishani akanyoosha mkono, akasimama kabla hajaitwa, akasema: "Anakuwa mwepesi, lakini hajapunguka."

Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka mingi, na sijawahi kusikia tofauti ya uzito na tungamo ikielezwa kwa ufupi na usahihi kama ule. Maneno manne. Vipande vya boksi vikaanza kubadilika mmoja baada ya mwingine bila ya mwalimu kuagiza, C zikishuka, B zikipanda. Nilikuwa natazama watu wakijifunza, jambo ambalo katika kazi yetu hatulioni mara nyingi kama tunavyodai.

Hebu fikiri binti yule angekuwa katika ule mchezo wangu wa warshani. Angepewa sekunde 20 na swali la Kiingereza. Huenda angechelewa, huenda angekosea. "Hajapunguka" yake isingekuwa na mahali pa kubonyezwa, na kijana wa C asingepewa nafasi ya kueleza kosa lake lilianzia wapi. Mashine ingemwambia tu kwamba amekosa, na kumshusha katika orodha.

Namna hii ya kufundisha tunaijua tangu utotoni. Bibi zetu waliposema "Kitendawili!" nasi tukaitika "Tega!", hakuna aliyekuwa na saa mkononi. Ulipewa muda wa kubahatisha, kukosea, kuchekwa na kubahatisha tena. Uliposhindwa kabisa ulitoa mji, na mtegaji, baada ya kuuzunguka mji wako kwa maringo, alilazimika kukupa jibu. Aliyeshindwa aliondoka na jibu. Katika orodha za wanaoongoza, aliyeshindwa huondoka na aibu peke yake. Furaha darasani haikuanzia kwenye skrini, na anayetuuzia furaha anapaswa kwanza atuulize kama hatuna yetu.

Baada ya kipindi, mama yule alinionyesha karatasi ya tathmini aliyoachiwa na kiongozi mmoja aliyekuja kukagua ufundishaji wake majuma machache kabla. Katika kipengele cha matumizi ya TEHAMA katika ufundishaji aliandikiwa neno moja: hafifu. Hakuulizwa anafundisha vipi. Aliulizwa anatumia zana gani za mtandaoni, akajibu kwa ukweli kwamba bando lilikuwa limeisha, na neno likaandikwa.

"Hayo maboksi hakuyaona?" nikamuuliza.

"Aliyaona, Dokta. Alisema niyaondoe, yanachafua darasa."

Kinachopaswa kufanywa

Sitaki kuishia kwenye malalamiko, maana malalamiko nayo ni bure, na tumeona thamani ya vitu vya bure. Nina madai matano, na ninayatoa kwa watu mahususi.

Kwa wenye mamlaka ya bajeti: bando la kufundishia lihesabiwe kuwa kifaa cha kazi, kama chaki. Hakuna anayemtaka mwalimu anunue chaki kwa mshahara wake na kumwita mbunifu akinunua. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa sekondari ya serikali imewekwa shilingi 25,000 kwa mwaka, na humo mna kila kitu, kuanzia mitihani hadi ukarabati. Kama TEHAMA ni ya lazima, iwekewe fungu lake linaloonekana. Kama haina fungu, si ya lazima, na asiandikiwe mtu "hafifu".

Kwa wanaoandaa warsha: zana yoyote ijaribiwe kwanza katika darasa la kweli la watoto mia moja na zaidi, siku umeme umekatika, kabla haijafika ukumbini. Ikishindwa huko, msiilete. Zipo zinazoweza kufaulu. Majaribio ya kuigiza ya sayansi ya PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia, katika Chuo Kikuu cha Colorado, yanatolewa bila malipo na yanaweza kupakuliwa mara moja yakatumika bila intaneti. GeoGebra ya hisabati nayo hutumika hivyohivyo. Kolibri ilibuniwa mahsusi kwa shule zisizo na mtandao. Hizi hazina muziki wala orodha ya washindi, na labda ndiyo maana hazipigiwi makofi.

Kwa vyuo vikuu, yaani kwangu na wenzangu: kazi ya lugha ni yetu. PhET imefungua mlango kwa watafsiri wa kujitolea, na programu ya Scratch ya kujifunzia utunzi wa programu imekwisha kuwekewa Kiswahili. Hapa nyumbani, Ubongo Kids imeonyesha tangu mwaka 2014 kwamba hisabati na sayansi zinaweza kumchekesha mtoto kwa Kiswahili kupitia televisheni ya kawaida. Idara zetu za Kiswahili na za elimu zina mamia ya wanafunzi wanaoandika tasnifu ambazo hazitasomwa na mtu. Muhula ujao wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, kwa makundi, watatafsiri na kuhariri maudhui ya fizikia na hisabati ya kidato cha kwanza, nami nitawapa alama kwa kazi hiyo. Mwenzangu anayesema Kiswahili hakina uwezo wa kubeba fizikia namwalika akamsikilize binti wa dirishani.

Kwa wanaharakati: peni zenu ni kali katika mambo ya uchaguzi na katiba, na ni vyema. Taarifa za watoto nazo ni jambo la haki. Ulizeni mikataba. Ulizeni ridhaa za wazazi ziko wapi. Sheria ipo, na sheria isiyoulizwa hulala.

Kwa wakaguzi na maofisa elimu wa ngazi zote: mkiingia darasani, mpimeni mwalimu kwa kile watoto walichotoka nacho. Msimpime kwa kile alichokuwa nacho mezani. Na mkiona vipande vya boksi, kaeni kwanza muone vinafanya nini.

Kuhusu mimi mwenyewe, nimepokea mwaliko wa warsha nyingine, mada ileile, posho imeongezwa. Nimewajibu waandaaji kwa barua. Nimesema nitakuja kwa masharti mawili: warsha ifanyikie katika darasa la shule ya kata badala ya ukumbi wa hoteli, na mwezeshaji mkuu awe mama yule wa fizikia, naye alipwe posho niliyotengewa mimi. Nitaketi nyuma, juu ya ndoo.

Hadi ninapoandika haya hawajanijibu.